Lumeni 400, kwa Dakika Tatu

Jua limeshazama, hema bado limelala chini kama nguo iliyoanuliwa, na kigingi kimoja hakionekani kilipo. Taa ya kichwani inabonyezwa mara moja. Eneo zima linang'aa, mpaka majani ya mti wa mbali. Kigingi kinaonekana, kamba zinakazwa, maji yanatekwa.

Dakika tatu baadaye mwanga ule umeshashuka hadi nusu, pengine chini ya hapo. Hakuna aliyeuona ukishuka, kwa sababu mboni za macho zilikuwa zikipanuka taratibu huku taa nayo ikififia taratibu.

Usiku wa pili, saa tatu kasoro robo, sufuria ikiwa bado motoni, taa inapepesa mara mbili na kuzima. Boksi lake limeandikwa: saa 60.

Zimekwenda wapi saa hizo?

Swali hilo limenikera kwa wiki kadhaa, na jibu lake limenibadilishia namna ninavyoamini taa ya safari inapaswa kuchaguliwa. Uzito bado ni muhimu. Lakini gramu zilizoandikwa kwenye boksi, kama zilivyo lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa), hujibu swali ambalo msafiri hakuuliza.

## Boksi halikudanganya

Ingekuwa rahisi kama watengenezaji wangekuwa waongo tu. Wale wanaojali jina lao hupima taa kwa kiwango kiitwacho ANSI FL1, kilichotoka mwaka 2009, na namba zao ni za kweli kwa mujibu wa kiwango hicho. Kasoro ipo kwenye maana ya namba zenyewe.

Lumeni za boksi hupimwa kati ya sekunde ya 30 na dakika ya 2 tangu taa iwashwe, betri ikiwa imejaa. Baada ya hapo taa ina uhuru wa kushuka, na hushuka kwa sababu ya msingi: LED, yaani kile kitaa kidogo kinachotoa mwanga, ikisukumwa kwa nguvu hutoa joto kali, na kiganda cha plastiki cha gramu 30 hakina pa kulipeleka. Saketi inapunguza umeme yenyewe kabla LED haijaungua.

Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ufikie asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Taa iliyoanza na lumeni 400 ikibaki na 40, kwa hesabu ya boksi bado inawaka. Tena mara nyingi hizo lumeni 400 na hizo saa 60 ni za ngazi mbili tofauti, moja ya juu kabisa na nyingine ya chini kabisa. Zimechapishwa jirani tu, na macho ya mnunuzi huzioanisha yenyewe.

Umbali ndio unaochekesha zaidi. Mita zinazotajwa ni zile ambapo mwanga unaoangukia kitu umebaki laksi 0.25, takriban sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu usiku usio na mawingu. Mbalamwezi inatosha kukuonyesha kwamba kuna mti. Haitoshi kukuambia kama lile jeusi mbele ni jiwe au shimo. Ukisogea hadi nusu ya umbali, mwanga unakuwa mara nne. Ukisogea hadi robo, mara 16. Kwa hiyo boksi likisema mita 80, mimi husoma mita 20 za kuona kwa uhakika.

## Hesabu ya mstari mmoja

Namba inayosema ukweli bila mapambo ni ya betri.

Chukua taa ndogo ya kuchaji yenye betri ya mAh 650, yaani ampea-saa 0.65. Zidisha 0.65 kwa volti 3.7, unapata kama saa-wati 2.4, yaani nishati ya kutoa wati 2.4 kwa saa moja. Taa nzima, ukijumlisha upotevu wa saketi na lenzi, hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati moja. Maana yake umebeba akiba ya lumeni-saa 240 (lumeni 240 kwa saa moja, au 120 kwa saa mbili), na ndiyo yote. Unaweza kuitumia upendavyo, lakini haiongezeki.

Kwa lumeni 400 ni dakika 36, tena kwa nadharia, maana LED inayosukumwa sana hupoteza ufanisi. Kwa lumeni 40 ni saa sita. Kwa lumeni 10, usiku na mchana mzima. Na zile saa 60? Gawanya 240 kwa 60: lumeni 4. Boksi lilisema kweli, ila halikusema kwamba saa 60 ni za mwanga wa kusomea ndani ya hema.

Sasa upande wa pili wa hesabu, yaani matumizi. Usiku mmoja wa kawaida kambini unahitaji nini?

Kusimamisha hema na kuteka maji, nusu saa kwa lumeni 50: hizo ni 25. Kupika, kula na kupanga vitu, saa moja na nusu kwa lumeni 10: 15. Kutoka haja usiku, dakika kumi kwa lumeni 2: hata moja haifiki. Kufunga kambi alfajiri, saa moja kwa lumeni 20: 20 nyingine. Jumla kama lumeni-saa 60.

Yaani betri ile ile iliyozima usiku wa pili ilikuwa na uwezo wa kumaliza siku nne.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mara nyingi msafiri analalamikia udogo wa taa ilhali mwanga wake aliumaliza kwa kuuacha ngazi ya juu. Na ngazi ya juu mara nyingi si kosa lake, kwa sababu taa ndivyo ilivyopangwa.

## Ngazi, si kilele

Kuna taa ambazo kila zikiwashwa huanza na mwanga mkali kuliko wote, kisha unabonyeza kushuka. Dukani zinavutia. Ndani ya hema saa nane usiku ni adhabu: kitambaa cha hema kinaakisi kila kitu usoni, mwenzako anaamka, na macho yako, ambayo huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, yanaanza upya.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza lumeni za juu, uliza hivi: ikiwashwa, inaanza na ngapi? Kati ya ya chini na ya juu kuna nini? Taa yenye lumeni 6, 200 na 400 haina kitu cha kutembelea, kwa kuwa njia safi usiku inahitaji 40 hadi 60, na njia ya mawe na mizizi 100 hadi 150. Utalazimika kutumia 200 pale ambapo 50 zingetosha, na betri itakwenda mara nne ya kasi. Jicho nalo halitakushukuru, maana mwanga ukiongezwa mara mbili huonekana umeongezeka kidogo tu. Ili uonekane maradufu, uongeze kama mara nne.

Ngazi ninazozitaka mimi ni moja ya chini ya lumeni 5, moja ya 10 hadi 20, moja ya 50 hadi 80, na ya juu iwe yoyote ile, ya kutafutia alama ya njia kwa sekunde kumi kisha kurudi chini. Taa inayokumbuka ngazi ya mwisho uliyotumia ni bora zaidi.

Jambo jingine halionekani kwenye picha: saketi. Taa ya bei ya chini isiyo na udhibiti wa umeme huanza kufifia tangu dakika ya kwanza, kadiri volti ya betri inavyoshuka. Taa iliyodhibitiwa hushikilia mwanga ule ule, kisha huanguka ghafla. Ya kwanza inakuonya mapema lakini haikupi ulicholipia. Ya pili inakupa, ila ikizima imezima. Ukichagua ya pili, na mimi ndiyo ningeichagua, hakikisha ina alama ya kuonyesha chaji iliyobaki.

## Taa nyepesi na mzigo mzito

Gramu 28, gramu 35, gramu 45. Watu wanaohesabu kila gramu kwenye shanta huzitaja kama umri wa watoto wao. Petzl Bindi, kwa mfano, ina gramu 35 pamoja na mkanda wake, na inatoa lumeni 200. Ni namba za kupendeza.

Lakini taa ya kuchaji haisafiri peke yake. Ina waya wa kuchaji, gramu 10 hadi 20. Ina pawabenki, na ile ya mAh 10,000 huwa na gramu 150 hadi 220. Taa ya gramu 35 sasa ni mfumo wa karibu gramu 200 au zaidi.

Nilidhani hoja hiyo inaimaliza taa ya kuchaji. Haiimalizi. Ukiwa tayari umebeba pawabenki kwa ajili ya simu ya ramani, taa inaongeza uzito wake tu na waya ule ule. Kuijaza mara moja, pamoja na upotevu wa kubadili volti kwenda na kurudi, kunakula kama sehemu ya kumi ya pawabenki. Hapo taa ya kuchaji inashinda bila ubishi.

Usipobeba pawabenki, mambo yanageuka. Betri tatu za AAA, zile za rimoti, za aina ya lithiamu isiyoweza kuchajiwa tena, zina gramu 23 kwa pamoja na hubeba saa-wati 5, mara mbili ya taa ndogo ya kuchaji. Hazihitaji waya. Aina ya kawaida ya alkali ina gramu kama 35 kwa tatu, hubeba pungufu kidogo, na hupungua zaidi taa ikiwa kwenye mwanga mkali. Zile za kuchajiwa za NiMH (aina ya nikeli) ni gramu 36 hadi 39 na kama saa-wati 2.8. Ni nzuri kwa mazoezi na safari za wikiendi, ila kwa uzito hazina hoja.

Kwa wanaotembea usiku kucha hesabu ni nyingine kabisa. Saa tano za njia ngumu kwa lumeni 100 ni lumeni-saa 500, na hakuna taa ya gramu 35 itakayozitoa. Betri moja ya 18650, ile nene ya lithiamu ya kuchaji, ina gramu kama 46 na saa-wati 12, yaani lumeni-saa 1,200. Taa inayoitumia huvuka gramu 100. Beba tu. Safari ya kupanda kuanzia usiku wa manane si mahali pa kubania gramu 60.

Na usisahau kwamba usiku nao una urefu. Karibu na ikweta usiku hudumu takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Kaskazini ya mbali mwezi Juni unaweza kuisahau taa ndani ya begi safari nzima. Orodha za vifaa zinazosambaa mtandaoni mara nyingi zimeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi chao. Taa yao ya gramu 10 inawafaa wao.

## Betri zinavyoharibu safari

Alkali huvuja. Ukiziacha ndani ya taa miezi sita, majimaji yenye potasiamu hidroksidi hutoka na kuacha unga mweupe unaokula vibati vya mawasiliano. Ukiwahi, futa kwa kipamba chenye siki kidogo, kausha vizuri, kisha kwangua taratibu kwa msasa laini. Ukichelewa, kibati kinakatika na taa imekwisha. Dawa ni kutoa betri kila safari ikiisha.

Lithiamu isiyochajiwa ikiwa mpya huanza na karibu volti 1.8, si 1.5. Tatu kwa mpigo ni volti 5.4, na baadhi ya taa za zamani zisizo na udhibiti huunguza LED. Soma maelezo ya taa kwanza. Aina hii hufa ghafla pia, kwa sababu volti yake husimama imara hadi mwisho.

Usichanganye betri mpya na kuukuu. Ile dhaifu humalizwa mpaka inageuzwa nguzo na nyingine, na hapo ndipo uvujaji huanza.

Baridi inapofika chini ya nyuzi 0, alkali hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake na betri ya kuchaji hupungua pia. Lala na taa ndani ya mfuko wa kulalia. Betri ya lithiamu ya kuchaji usiichaji ikiwa imeganda: ipashe moto mwilini kwanza, kwani kuchaji chini ya nyuzi 0 hujenga tabaka la metali ndani yake na kuiharibu moja kwa moja.

Halafu kuna tundu la USB-C, ambalo limewahi kuwaumiza kichwa wengi. Baadhi ya taa zina tundu la USB-C lakini ndani hakuna vizuizi viwili vidogo vya kuiambia chaja itoe umeme. Ukiunganisha waya wenye C pande zote mbili, hakuna kinachotokea, na mtu anadhani taa imekufa. Waya wenye USB-A upande wa chaja unachaji bila shida. Jaribu nyumbani, kwa waya ule ule utakaoubeba.

## Kuwaka ndani ya begi

Hiki ndicho chanzo kikubwa cha taa kukutwa zimekufa siku ya kwanza, na hakihusiani na ubora wa betri hata kidogo. Swichi laini inabanwa na chupa, taa inawaka mchana kutwa ikimulika soksi.

Zipo taa zenye kufuli la kielektroniki: unabonyeza kwa sekunde tatu au nne hadi ipepese. Tochi ya kuzungusha, legeza kifuniko cha nyuma robo mzunguko, mkondo unakatika. Taa ya AAA isiyo na kufuli, geuza betri moja kichwa chini, au weka kikaratasi kati ya betri na kibati. Kikaratasi ninakipenda zaidi: huwezi kukisahau, kwa sababu ncha yake inachungulia nje.

## Taa iliyo kichwani hufuta vivuli

Nimeliacha hili hadi hapa makusudi, maana ni jambo ambalo boksi haliwezi kuliandika.

Taa ya kichwani iko sentimita chache tu juu ya macho. Inamulika kutoka pale pale unapotazamia, hivyo kivuli cha jiwe kinajificha nyuma ya jiwe lenyewe. Njia inaonekana bapa. Mzizi na ufa vinafanana, na mguu unakosea kina. Kuongeza lumeni hakusaidii, kwa kuwa kinachokosekana ni vivuli.

Ishushe taa hadi kiunoni, ishike mkononi au ifunge kwenye mkanda wa begi, na ardhi inainuka: kila kokoto lina kivuli chake kirefu. Lumeni 40 za kiunoni huonyesha njia ya mawe kuliko 150 za kichwani. Ni vivyo hivyo kwenye ukungu au mvua, ambapo mwanga wa kichwani hurudishwa na matone moja kwa moja machoni na kuwa ukuta mweupe.

Ndiyo maana taa yenye klipu, au inayochomoka kwenye mkanda wake, ina thamani kuliko lumeni 100 za ziada. Kuhusu mkanda: ule mpana wa kiwandani unaweza kuwa gramu 15 hadi 25. Wengi huutoa na kuweka kamba ya lastiki ya milimita 2 au 3, iliyopita nyuma ya kichwa mara mbili, yenye gramu tano hivi. Kwa taa ya chini ya gramu 40 inakaa vizuri. Taa ikizidi hapo huruka kila hatua, na lastiki nyembamba huchora mstari kwenye paji la uso.

## Nyekundu, labda

Sifa za taa nyekundu zimekuzwa. Ni kweli kwamba seli za jicho zinazoona gizani hazihisi sana wekundu, kwa hiyo uoni wa usiku hubaki. Lakini nyekundu kali nayo huuharibu, na mistari ya kahawia ya mwinuko kwenye ramani hupotea kabisa chini yake. Damu kwenye ngozi pia huonekana kwa shida.

Kwangu mimi nyeupe ya lumeni 1, yenye rangi ya joto ya kelvini 3,000 hadi 4,000, inafanya kazi nyingi zaidi, na wadudu huifuata kidogo kuliko ile ya bluu-bluu. Nyekundu ibaki kwa heshima ya wenzako waliolala. Sharti moja: iwashwe moja kwa moja, bila kupitia nyeupe kwanza.

## Hemani

Mshumaa na kandili vibaki nje ya hema: moto, na hewa ya sumu. Taa maalumu ya kuning'iniza nayo mara nyingi ni mzigo. Funga taa ya kichwani kwenye chupa ya maji ikimulika ndani, chupa ya plastiki yenye weupe kama maziwa ikiwa bora kuliko angavu, na lumeni 10 zitaenea hema lote. Mfuko mweupe wa plastiki uliofungwa mbele ya lenzi unafanya vilevile kwa gramu mbili.

Ya akiba iwepo, hata kitaa kidogo cha betri za CR2032, zile bapa kama sarafu, chenye gramu kumi. Kazi yake kuu ni kukumulikia unapobadilisha betri za taa kubwa. Simu isihesabiwe kuwa akiba: inahitaji mkono, na chaji yake ndiyo ramani yako.

## Jaribio la kabla ya kuondoka

Chaji taa ijae. Ingia chumba chenye giza, imulike ukutani kwa ngazi utakayoitumia kweli kambini, si ya juu. Weka simu juu ya meza, funga mwangaza wa kamera usijirekebishe, na piga picha sekunde ya 30, dakika ya 3, dakika ya 30, kisha kila saa mpaka izime.

Zipange picha mfululizo. Kile ambacho jicho lilikuficha utakiona hapo: mwanga ulishuka lini, kwa hatua ngapi, na alama ya chaji ilianza kuonya zikiwa zimebaki dakika ngapi. Ndani ya nyumba hakuna upepo wa kuipoza taa, kwa hiyo ngazi kali zitashuka mapema kidogo kuliko nje. Ngazi za kati hazitatofautiana sana.

Andika saa ulizopata kwenye kipande cha plasta, bandika nyuma ya taa, na uandike tarehe. Baada ya mwaka rudia. Betri ya lithiamu ya kuchaji huchoka hata ikikaa kabatini, hasa ikihifadhiwa imejaa mahali pa joto. Iache karibu nusu, na uijaze siku moja kabla ya safari.